Nyumba ya Kuchunga

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila lake lipi: hayo msiniulize. Katika mji huu wa Lubumbashi tumeulizana maswali hayo mpaka tumeumizana, na kila mara kuna aliyefungasha virago akaenda zake. Mimi nilimkuta akiwa Planton, na ndivyo nimjuavyo mpaka leo. Wakubwa walimwita "Planton!" kwa sauti ambayo mtu mwenye adabu hamwitii hata mbwa wake. Sisi wa chini tulimwita Papa Planton. Kwa asiyeijua kazi hiyo, planton ndiye anayefungua ofisi asubuhi, anayebeba mafaili kutoka meza hii hadi ile, kisha anaketi kando ya mlango wa mkubwa na kuwaambia watu kwamba mkubwa hayupo, hata kama kikohozi cha mkubwa kinasikika mpaka barazani.

Ofisi yetu ilikuwa ile nyumba ya zamani ya serikali, katikati ya mji, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji. Ilikuwa na baraza ndefu, sakafu ya vigae vyekundu, madirisha ya mbao, na mbele kabisa mlango mmoja mpana wa mulombwa, mti mwekundu wa kwetu ambao mchwa huuonja na kuuacha. Watu walikuja pale kuandikisha watoto wao, ndoa zao na maiti wao. Mimi niliingia pale msichana wa kupiga mashine, na sasa ni bibi mwenye miwani. Sikumbuki asubuhi hata moja niliyofika kabla yake.

Kishikio cha mlango ule kilikuwa cha shaba, au kama tunavyosema huku, mukuba. Kilikuwa kizito, kimelainishwa na mikono ya watu. Kila asubuhi alikisugua kwa limau na majivu. Na kila saa kumi, ofisi ikifungwa, alitoa bisibisi mfukoni, akakifungua, akakiviringisha kwenye kitambaa na kwenda nacho nyumbani kwake Ruashi. Kesho yake anakifunga tena. Miaka yote hiyo! Kila mkubwa mpya alipofika alicheka kwanza, kisha akamkaripia. Naye aliwajibu neno moja tu: "Mukuba hailalake inje." Shaba hailali nje. Mtu anayeishi Ruashi, kando ya mgodi, ambako nyaya za umeme zenyewe hufukuliwa ardhini, anajua analolisema. Mfuko wa kulia wa koti lake ulichanika kwa uzito ule, na mke wake akaushona kwa kiraka cha kitenge cha manjano. Alilivaa koti hilo mbele ya magavana bila haya.

Tena mlango ule hakuupita hata siku moja. Alizunguka nyuma, akaingia kwa mlango mdogo wa stoo, akaifuata korido yote, akaufungua ule mkubwa kutoka ndani na kusimama kando. Nilipomwuliza sababu nilidhani atanisimulia ya zamani, ya wakati mtu mweusi alipohudumiwa kupitia dirishani. Wapi. Aliniambia kwamba mlango wa mbele ni wa watu, na yeye pale hakuja kama watu, alikuja kama kazi. Nikamwona mshamba, nikarudi kwenye mashine yangu.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na mara nyingine mkali wa kijinga. Aliwafukuza kwa fagio akina mama wauza unite, vocha za simu, waliojikinga jua barazani, kisha mvua ikianza anatoka mwenyewe kuwaita waingie, huku akiwanung'unikia kwamba wanamletea tope. Wanaume aliwavua kofia kwa mkono wake. Siku moja alimrudisha bwana harusi kwao kwa sababu ya viatu vichafu, na watu wote wakangoja kwenye jua, na bibi harusi akalia mpaka poda ikamchuruzika. Siku ile nilimchukia. Pesa ya kulainisha mambo hakuipokea, lakini mkate aliupokea, na aliyemletea mkate mzuri aliona faili lake linatembea. Jumatatu hadi Ijumaa aliwadanganya watu kwamba mkubwa hayupo, na Jumamosi alikwenda kuungama uongo wote huo kanisani. Alisema padri wake anaijua ratiba ya wakubwa kuliko wake zao.

Uongo huo ulimchosha. Hilo nalisema kwa sababu aliniambia mwenyewe, siku ile tulipoletewa habari kwamba ofisi zinahamia jengo jipya na nyumba ya zamani itahifadhiwa. Itatengenezwa, walisema, itafunguliwa kwa wananchi, watoto wa shule wataingia bila kulipa, na vitabu vya zamani vyenye majina ya babu zao vitawekwa mahali pa kusomwa. Wengine tulipiga miayo. Papa Planton akasema maisha yake yote amewaambia watu kwamba hakuna mtu ndani. Alitaka, kabla hajafa, asimame mbele ya mlango ule japo mara moja awaambie: ingieni.

Ni hilo tu alilolitaka. Hakutaka medali wala picha ukutani.

Basi komite ikaundwa, na mimi nikawa sekretere wake. Yeye, aliyekuwa amezeeka, akaachwa alinde nyumba. Kazi ya kwanza ya komite haikuwa paa linalovuja. Ilikuwa kibao. Kifaransa wakubwa walikuwa nacho tayari, *Patrimoine de tous*, nikaambiwa nitafute Kiswahili chake. Nikafungua kamusi, nikapata, nikapiga kwa herufi kubwa: URITHI WA WOTE. Niliona limekaa vizuri. Nikampelekea Papa Planton barazani, kwa kujisifu tu.

Aliisoma karatasi taratibu, akanirudishia.

"Mama, urithi ni kintu ya muntu mwenye alikufa," akaniambia. "Ukiandika vile, bantu batauliza: nani alikufa? Kisha bataanza kugawanya."

Nikamwambia ni Kiswahili cha vitabuni. Akasema vitabu haviishi Lubumbashi. Nikamwuliza basi yeye angeandika nini, na hakufikiri hata kidogo.

"Andika paka hivi: Nyumba ya Kuchunga."

Andika hivyo tu, na kwetu kuchunga ni kutunza kitu kisipotee. Nililipeleka neno lake kwenye komite, kweli nililipeleka, lakini nililipeleka nikitabasamu. Mkuu wa komite alicheka mpaka akavua miwani. Kuchunga ni mbuzi, alisema, na huyu planton wenu anataka tuandike kwamba serikali ni zizi? Wakacheka wote, na mimi nikacheka pamoja nao. Kicheko kile nakisikia mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni.

Kibao kikatundikwa. Wiki haijaisha, mama mmoja muuza mandazi akasimama mbele yake, akasoma, akamwuliza Papa Planton kwa sauti ya pole: nani amekufa?

Mtu wa mbali huenda asielewe. Kwetu mtu akifa, kabla udongo haujakauka, ndugu zake wanafika kwenye kilio na macho yao hayapo kwa marehemu, yapo kwenye radio. Huyu anabeba godoro, yule sufuria, mwingine anang'oa hata mapazia, na mjane anabaki na nguo aliyoivaa. Wakimaliza wanasema ni urithi. Kwetu neno hilo halimaanishi kitu kilichoachwa kikae. Linamaanisha kitu cha kubebwa haraka kabla mwenzako hajakibeba. Papa Planton alilijua hilo. Na mimi nililijua, mwana wa hapahapa, niliyeona shangazi yangu akinyang'anywa hadi ndoo. Ila kamusi ilinifanya mjinga.

Walianza na viti. Alikuja dereva wa mkubwa mmoja na karatasi: viti vinachukuliwa kwa usalama wake. Kisha ikaondoka saa ya ukutani, kwa usalama wake. Meza ambayo juu yake watu walitia sahihi za ndoa ikaenda kuliwa bukari, ugali wetu, nyumbani kwa mtu. Madirisha yaling'olewa moja moja, na mvua ikaingia kwenye vitabu vya majina, na vitabu vikavimba. Hakuna mwizi aliyeruka ukuta. Walikuja mchana, wamevaa suti, na kila mmoja alikuwa na karatasi yenye mhuri. Mhuri ule niliugonga mimi. Niliambiwa gonga, nikagonga.

Papa Planton hakuweza kumzuia mtu mwenye mhuri. Alichofanya ni kujifunza kwa moyo kila kilichotoka na nani alikitoa. Jioni, akifagia vyumba vilivyobaki wazi, alivitaja kwa sauti ya litania ya kanisani: saa ya ukutani, utuombee, meza ya ndoa, utuombee. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimwomba anyamaze, akaendelea.

Kisha akamwona dereva wa mkuu wa komite akiupima ule mlango wa mulombwa kwa mita.

Kesho yake mlango haukuwapo. Komite ikakutana, ikaandika umeibiwa, na mkuu alikasirika kuliko mtu yeyote, kwa sababu ambazo wote tulizijua na hakuna aliyezitaja. Mimi pia niliamini ni wezi. Ukweli niliujua baadaye: Papa Planton aliung'oa mwenyewe asubuhi, akawaita vijana wawili wa pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, wakaulaza juu yake, wakavuka mji mzima mpaka Ruashi, kweupe. Hakuna aliyewasimamisha ila polisi mmoja kwenye mzunguko wa barabara, ambaye alimwuliza kwa utani kama amepata urithi wake. Papa Planton akamjibu: "Haina urithi. Niko nachunga." Si urithi, anautunza tu. Polisi akawapisha.

Niliuona mlango siku mke wake alipofariki. Nilikwenda Ruashi na wenzangu wa ofisini kwa kilio, na pale, kwenye nyumba yake ya matofali aliyoijenga kwa mikono yake na ambayo bado ilikuwa haijapakwa lipu, nikaukuta mlango wa serikali. Alikuwa amebomoa ukuta wa mbele ili uingie. Uling'aa kwa mafuta, na kishikio cha mukuba kilikuwa mahali pake. Majirani waliingia na kutoka, wabeba kuni, waimbaji wa jumuiya, watoto, na kila mmoja akigonga kwanza kwa adabu, kwa sababu mlango ule ulimlazimisha mtu kuwa na adabu. Na yeye mwenyewe mwenye nyumba, aliyefiwa, niliona anatoka nje kwa mlango wa jikoni na kuzunguka. Saa kumi ilipofika alinyanyuka katikati ya wimbo, akatoa bisibisi, akakifungua kishikio, akakitia mfukoni, akarudi kukaa kando ya jeneza. Hakunificha wala hakuniomba nisiseme. Alinitazama tu, nikatazama chini.

Nilinyamaza muda mrefu. Laiti ningenyamaza mpaka leo.

Ikaja komite nyingine, yenye mkuu mpya, na safari hii wajenzi walionekana kweli. Paa likaezekwa. Kuta zikapakwa chokaa. Nilipita pale nikaona vigae vyekundu vimesuguliwa, na moyo wangu, mjinga yule, ukaruka. Nikasema nyumba inafufuka, inakosa mlango wake tu. Nikamwambia mkuu mpya ulipo. Sikumshitaki Papa Planton. Nilieleza kwamba aliuokoa, kwamba anastahili shukrani. Mkuu akaniambia niende nikauombe kwa heshima, kwa kuwa mzee ananiamini.

Nilikwenda. Nikamkuta anamenya mihogo. Nikamwambia Papa, safari hii ni kweli, nimeona kwa macho yangu, mlango unarudi mahali pake na wewe utasimama pale siku ya kufungua. Aliendelea kumenya mpaka muhogo ukaisha mkononi. Kisha akasema: "Kama ni weye unasema, mama."

Hakuruhusu mtu mwingine aung'oe. Aliutoa mwenyewe, bawaba moja baada ya nyingine, akaupaka mafuta, akaufunga kwa blanketi la marehemu mke wake na kamba. Lori la komite lilipofika, aliwaelekeza wabebaji wapi pa kushika. Kishikio hakuwapa. Alisema mlango ukishafika mahali pake, atakuja kukifunga kwa mkono wake. Wabebaji walicheka, na lori likaondoka. Nikarudi mjini nimekaa mbele na dereva, nikijiona nimefanya jambo jema la maisha yangu.

Walinishusha kwangu. Mlango haukufika kwenye ile nyumba. Nilipouliza niliambiwa uko kwa fundi. Nilipouliza tena niliambiwa una mchwa, mulombwa, jamani. Mara ya tatu mkuu aliniuliza kama sina kazi nyingine. Mbele ya nyumba wakaweka mlango wa vioo na alumini, wa kuingilia kwa kadi. Mwaka uliofuata nilikuwa njiani kwenda Kasomeno kununua samaki, na kabla ya kufika, kando ya barabara, nikaliona shamba jipya la mkuu, na nyumba ya shamba, na mlango wetu. Ulipakwa vernis, ile dawa ya kung'arisha mbao, unang'aa. Mahali pa kishikio palipitishwa mnyororo na kufuli.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nguoni mwa Papa Planton, kikulacho kilikuwa mimi. Tangu siku ile sikwenda Ruashi tena. Nikimwona mzee mwenye koti mjini, nilivuka barabara.

Sasa nyumba inafunguliwa Alhamisi ijayo. Mialiko imegawanywa, nami ninao, wenye rangi ya dhahabu. Jina la Papa Planton nililitafuta kwenye orodha mara mbili, sikuliona. Ndani wameweka kabati la kioo la vitu vya asili, na wiki iliyopita waligundua kwamba vitu vya asili hawana. Mtu akakumbuka kishikio. Wakaniandikia karatasi, wakaipiga mhuri, wakaniambia niende, kwa kuwa mzee ananiamini. Maneno yaleyale. Nami nilikwenda, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikwenda Jumapili baada ya misa, nikijidanganya kwamba nakwenda kumsalimu.

Nilifika mbele ya nyumba, nikainua mkono nigonge, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye pazia. Kulikuwa na tundu lile pana alilolibomoa mwenyewe, na shuka iliyotundikwa kwa misumari miwili.

"Ingia, mama," sauti yake ikatoka ndani. "Fasi ya kupika odi, weye njo ulibeba."

Pa kupigia hodi, wewe ndiye uliyepabeba. Alilisema bila hasira, karibu acheke. Nikaingia. Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kiti kimoja, kavaa lile koti, na kiraka cha manjano kimefifia. Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote. Nikakaa, nikaweka ile karatasi mezani kwa sababu nilishindwa kuendelea kuishika.

Hakuigusa. Aliniuliza mlango uko wapi. Nilikuwa nimeandaa uongo njiani, nikashindwa; nikamwambia ulipo, kwa nani, njia ya Kasomeno. Nikangoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Mvua iko naifikia?" akauliza.

Nikamwambia hapana, kuna kibaraza. Akauliza kama wanaupaka mafuta. Nikamwambia wameupaka vernis. Akatikisa kichwa kwa muda, kama mtu aliyeambiwa mwanawe analishwa vibaya huko alikoolewa. Mulombwa ukifungiwa kwenye vernis haupumui, alinieleza, kila mtu anajua hivyo. Akaniomba, nikipita tena njia ile, niwaambie wautoe.

Ndipo akaichukua karatasi. Aliisoma taratibu kama alivyoisoma ile ya kwanza, na kidole chake kikasimama kwenye neno lilelile, urithi, nikaliona hata kutoka upande wa pili wa meza. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua. Kishikio kilikuwa kinang'aa, kimesuguliwa asubuhi ileile. Akakiweka juu ya karatasi, juu ya mhuri. Nikajua ananipa. Machozi yalinitoka, na kunyoosha mkono nikanyoosha, Mungu anisamehe.

Akaniuliza saa ngapi. Nikatazama simu, nikamwambia inakaribia saa kumi.

Akakichukua kishikio, akakiviringisha kwenye kitambaa chake, akakirudisha mfukoni.

"Hii haina urithi, mama," akasema. "Miye siyakufa."

Kweli, alikuwa hajafa. Nilinyanyuka kuaga. Naye akanyanyuka kwa shida, akishika meza, na badala ya kunisindikiza kwa mbele akatokea mlango wa jikoni. Nilisikia viatu vyake vikiburuzika kando ya ukuta, akizunguka nyumba polepole. Kisha shuka ikafunguka kutoka nje. Alikuwa amesimama kando, ameishika kwa mkono mmoja ili nipite, na mkono wa pili uko mfukoni. Nilipita nimeinama.